Bwawa limejaa, sasa mitambo ya gesi ya nini?

Wadau, toka mtambo wa mwisho kati ya ile tisa ya Bwawa la Nyerere uwashwe Aprili 2025, kuna swali nalisikia vijiweni na kwenye daladala. Linakuja hivi: "Jamani, tuna megawati 2,115 za maji pale Rufiji. Nchi nzima inapotumia umeme mwingi kabisa haizidi sana megawati 1,900. Sasa yale madude ya gesi Ubungo na Kinyerezi yanafanya nini tena? Si wayazime tupumue, na Luku ishuke bei?"

Swali ni zuri. Majibu yake ndiyo yananikera. Kuna wanaosema gesi ni safi haina moshi kwa hiyo tulieni, na kuna wanaosema gesi ni uchafu mtupu zimeni leo. Wote wanaongea kama vile mtambo wa gesi ni taa ya chumbani, unabonyeza inawaka, unabonyeza inazima. Haiko hivyo hata kidogo, na namna unavyowashwa na kuzimwa ndiyo inayoamua nini kinatoka kwenye lile bomba la juu na nani analipa. Naomba mnivumilie kidogo kwenye ufundi, baadaye tuje kwenye siasa.

Umeme hauwekwi kwenye gunia. Kinachotumika sekunde hii lazima kifuliwe sekunde hii. Pale Ubungo kuna kituo cha kuongoza gridi ya taifa, na wale jamaa kazi yao ni kuangalia namba moja: hezi 50. Watu wakiwasha vitu vingi namba inashuka, wakizima inapanda. Mchana wa kawaida mambo ni shwari. Lakini ikifika saa moja jioni watu wamerudi nyumbani, taa, feni, tivii, pasi, friji za maduka, baa zinafungua muziki, yote kwa mpigo. Inaendelea hadi saa nne hivi usiku, halafu watu wanalala na mlima unaporomoka. Kwa hiyo kila nchi inahitaji mitambo ya aina mbili. Kuna ya kushinda kutwa nzima ikifanya kazi, na kuna ya kuitwa jioni tu kupandisha ule mlima. Hii ya pili mimi naiita mitambo ya jioni. Majirani zetu Kenya mvuke wa ardhini wa Olkaria unafanya kazi usiku na mchana, halafu jioni mashine za mafuta kama zile za Kipevu, Mombasa, zinaitwa kusaidia.

Sasa mtambo wa gesi wa jioni ukoje? Chukua Kinyerezi I, ile ya megawati 150. Mashine zake nne ni za aina inayoitwa LM6000. Msishangae nikisema ni ndugu wa damu wa injini ya ndege. Zimetengenezwa kutokana na injini ya CF6, ukoo uleule uliobeba Boeing 747 na 767 angani. Wameivua bawa, wameifunga chini, na badala ya kusukuma ndege inazungusha jenereta. Mbele kuna mapanga yanavuta hewa na kuikandamiza. Katikati gesi inaingia, inawaka. Nyuma ule moto unasukuma mapanga mengine, yaani tabaini, na tabaini inazungusha kila kitu, pamoja na yale mapanga ya mbele. Sehemu kubwa ya nguvu inaliwa na kule kukandamiza hewa, inayobaki ndiyo umeme wetu.

Kwa kuwa ni nyepesi kama ya ndege, inawaka haraka. Simu ikitoka Ubungo, mota inaizungusha kwanza ikapulize nje gesi yoyote iliyobaki ndani isije ikalipuka, kisha moto, kisha inapanda kasi mpaka ilingane sawasawa na gridi, kisha inaunganishwa na kubebeshwa mzigo. Kama dakika kumi hivi. Ndiyo maana dunia nzima mashine za namna hii zinapendwa kwa kazi ya jioni.

Lakini sifa hiyo ina gharama yake. Mashine kama hii, ikiwa imebeba mzigo wote, inageuza kama asilimia 40 ya joto la gesi kuwa umeme. Asilimia 60 iliyobaki? Inatoka juu kama hewa ya moto ya nyuzi zaidi ya 400, inapasha joto mawingu. Na Dar yetu inaongeza tatizo: hizi mashine zinapimwa kiwandani kwa hewa ya nyuzi 15. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mapanga yanavuta hewa kidogo kwa uzito, na nguvu inapungua. Yaani ule mwezi ambao kila mtu kawasha AC ndio mwezi ambao mashine inachoka. Mungu ana utani wake.

Kinyerezi II ni mnyama mwingine. Ile ilizinduliwa Aprili 2018, megawati 240. Pale ile hewa ya moto haitupwi, inachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini nyingine. Gesi ileile, umeme mara mbili, unakaribia kupata nusu ya joto lote. Safi sana. Ila mvuke hauna haraka. Mabomba na masufuria yale makubwa ukiyapasha ghafla yanapasuka, hivyo kuwasha mtambo uliopoa kabisa ni kazi ya masaa. Hauwezi kuitwa saa moja kasoro ukafika saa moja.

Shikeni hapo, tunaenda kwenye moshi.

Gesi ya Songo Songo ni methani karibu tupu, asilimia 97 hivi. Ikiungua vizuri inatoa mvuke wa maji na hewa ukaa, basi. Masizi karibu hamna, salfa karibu hamna. Ndiyo maana ukipita Kinyerezi huoni moshi mweusi kama wa lori bovu, na ndiyo maana watu wanasema safi. Lakini kutokuonekana si kutokuwepo. Kilo moja ya methani ikiungua inatoa kilo 2.75 za hewa ukaa, kwa sababu inajiongezea oksijeni ya hewani. Ukipiga hesabu kwa yuniti, hizi hizi yuniti za Luku: Kinyerezi I ikibeba mzigo wote, yuniti moja ni kama nusu kilo ya hewa ukaa. Kinyerezi II yenye mvuke, kama gramu 400. Makaa ya mawe yanakaribia kilo nzima.

Sasa ichukue ile mashine ya jioni uibebeshe nusu mzigo. Haili nusu ya gesi, inakula zaidi ya nusu. Yuniti moja sasa inaweza kupita gramu 600. Iache inazunguka bila kubeba kitu, "iko tayari tu", inachoma gesi na yuniti ni sifuri. Kama daladala inayosubiri abiria injini inanguruma. Kilomita hamna, mafuta yanaisha.

Na hewa ukaa ndiyo sehemu nyepesi ya hadithi. Moto ukiwa mkali sana, naitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haina ugomvi na mtu, inashikana na oksijeni. Zinatoka oksaidi za naitrojeni. Hizo zinakera mapafu zenyewe, halafu juani zinasaidia kutengeneza ozoni ya chini, nayo inabana kifua, hasa watoto na wenye pumu. Mashine za kisasa zina vichomeo vilivyoundwa kuzuia hilo, lakini vinafanya kazi vizuri pale mzigo ukiwa mkubwa na umetulia. Wakati wa kuwasha na kwenye mzigo mdogo vinapoteza uwezo. Hapo pia moto haujakamilika, inatoka kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na gesi nyingine inapita bila kuungua kabisa.

Hiyo ya kupita bila kuungua msiidharau. Methani ikiwa mbichi hewani, kwa kipindi cha miaka 20 kila kilo inapasha dunia joto kama mara 80 kuliko kilo ya hewa ukaa. Ubungo I na Tegeta hawatumii tabaini, wanatumia injini kubwa za pistoni zinazochoma gesi. Kwa kazi ya jioni injini hizi ni nzuri kweli: zinawaka kwa dakika chache, unaweza kuwasha moja, mbili, tano kadiri unavyotaka bila kuendesha yote nusu nusu. Tatizo lake ni kwamba aina hii ya injini huachia asilimia ndogo ya methani kutoroka kwenye bomba la moshi. Mtu akikuletea ripoti ya hewa ukaa peke yake, hiyo haimo.

Kwa hiyo mtambo unaowashwa na kuzimwa kila siku unatoa uchafu kidogo kwa jumla, kwa sababu saa zake ni chache, ila kila yuniti yake ni chafu kuliko mtambo uleule ukitembea taratibu kutwa. Vyote viwili ni kweli. Serikali watakupa cha kwanza, wanaharakati watakupa cha pili.

Haya, turudi Rufiji. Watu wanataja 2,115 kila siku, lakini kuna namba nyingine kwenye mipango ya mradi huohuo ambayo haitajwi kabisa: uzalishaji wa mwaka, gigawati-saa 5,920. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka. Unapata wastani wa megawati 676. Ndiyo wadau, mia sita na kidogo! Hakuna aliyeiba. Mto ndio una maji ya kiasi hicho. Zile mashine tisa ni midomo tisa, lakini mtungi mmoja. Ukizifungua zote mwaka mzima, mtungi utakauka.

Maana yake ni nini? Maana yake bwawa lenyewe ndilo mtambo wa jioni mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Maji yanangoja nyuma ya ukuta bila kuchoma kitu. Ukifungua mlango, ndani ya dakika chache megawati 235 kwa kila mashine, hamna moshi, hamna oksaidi, hamna methani ya kutoroka kwenye bomba. Kufunga ni hivyohivyo. Halafu sisi mjadala wetu ni wa kulifanya bwawa libebe kutwa na gesi iwe ya jioni. Nadhani tumegeuza shilingi upande.

Hoja yangu ni hii. Mwaka wa mvua kama 2024, maji yakiwa mengi mpaka TANESCO wanazima baadhi ya vituo vyao vya maji kwa sababu umeme umezidi, sawa, gesi ipumzike kabisa, hata jioni isiitwe. Mwaka wa kawaida na mwaka wa ukame, Kinyerezi II itembee mfululizo kwa mzigo mkubwa, pale inapochoma gesi kidogo kwa yuniti na vichomeo vyake vinafanya kazi. Maji yawekwe kwa ajili ya ule mlima wa saa moja usiku. Mashine za kama ndege za Kinyerezi I zibaki kwa dharura ya kweli. Tusipofanya hivyo tutafanya kinyume: tutamwaga maji mchana, halafu jioni tutawasha na kuzima mitambo ya gesi kila siku, na wakazi wa Kinyerezi ndio watakaovuta ile hewa ya kuwashia.

Najua mtaniambia, "basi si tuuze gesi yote tuweke kwenye bajaji?" Gesi ya magari naipenda, foleni ya kujaza gesi Dar inajieleza yenyewe. Lakini kumbukeni ukame. Mwaka 2006 Mtera ilishuka, Kidatu ikakosa maji, tukawa na mgao ambao kafe nyingi mjini zilifungua usiku tu, waliokuwa na jenereta ndio waliokula. Mwishoni mwa 2022 mgao ukarudi. Na 2023 tena. Hizo zote maji yalikuwa sehemu ya kisa. Rufiji ni mto mkubwa, ila mvua haina mkataba na mtu.

Halafu kuna suala la waya. Umeme wa Rufiji unasafiri kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze ndipo usambae. Gridi ilipozimika Aprili 2024 tulijifunza kwa ngumu kwamba megawati nyingi sehemu moja ni mayai kwenye kapu moja. Mtambo ulio ndani ya Dar unaoweza kuwaka haraka ni bima ya jiji. Na umeme ukikatika hewa haiwi safi. Kila duka la Kariakoo linatoa kijenereta chake cha petroli mlangoni, na kile kijidude yuniti yake moja inapita kilo moja ya hewa ukaa, moshi wote usawa wa pua yako. Kati ya hicho na Kinyerezi I, mimi nachagua Kinyerezi I hata ikiwa inawashwa na kuzimwa.

Sasa bima ina bei, na hapa ndipo Mtanzania anapaswa kufungua macho kuliko kwenye moshi. Mtambo wa jioni unafanya kazi saa chache. Ukiulipa kwa yuniti tu, mwenye nao atafilisika. Kwa hiyo mikataba mingi ya namna hii ina malipo ya kukaa tayari: unalipa uwepo, uwashe usiwashe. Kwenyewe si wizi. Hata mlinzi wa usiku unamlipa mwizi asipokuja. Wizi unaingia pale bei ya kukaa tayari inapopangwa gizani. Tulishaona. Mkataba wa Richmond wa Juni 2006 ulikuwa wa megawati 100 za dharura, za gesi. Mitambo ikachelewa, mvua zikawahi, na magazeti ya wakati ule yakatukaririsha shilingi milioni 152 kwa siku. Kamati ya Bunge chini ya Mwakyembe ikasoma ripoti, na Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Songas nao, pale Ubungo, mkataba wa miaka 20 ulioisha 2024 ulikuwa na malipo ya kila mwezi ya namna hiyohiyo, na IPTL kabla yao.

Kinyerezi zote mbili ni za TANESCO, kwa hiyo malipo hayo hayaonekani kama bili ya mtu baki. Yamejificha ndani ya mikopo na matengenezo. Na hili la matengenezo ni kubwa: tabaini ya aina hii kila ikiwashwa, vyuma vyake vinapata joto la nyuzi zaidi ya elfu moja kwa ghafla, kisha vinapoa. Fundi wa mashine anahesabu saa zilizotembea, na idadi ya kuwashwa pia. Mtambo uliojengwa kushinda kutwa, ukiugeuza wa kuwasha jioni na kuzima usiku, unauzeesha kabla ya wakati, na vipuri vyake vinanunuliwa kwa dola.

Ninachotaka kuona si kitu cha ajabu. Kila mwezi, kwa kila mtambo wa gesi: umewashwa mara ngapi, umetembea saa ngapi, umefua yuniti ngapi, umekula gesi kiasi gani. Namba nne tu. Zimo kwenye kompyuta za vyumba vya kuongozea mitambo, hakuna utafiti unaohitajika. Ukiwa na hizo nne, kijana yeyote aliyefika kidato cha nne anakaa kafe, anafungua kikokotoo, anapata hewa ukaa kwa yuniti na anajua kama mtambo unaendeshwa kwa akili au unanguruma kituoni kama daladala. Ya tano, ambayo wataibania: kile kipimo cha oksaidi za naitrojeni kwenye bomba dakika za kuwasha, sio wastani wa siku, maana wastani unaficha palepale penye shida.

Nimeshasikia jibu la "mambo ya usalama wa taifa". Idadi ya mara ambazo jenereta limewashwa mwezi uliopita inamsaidia adui gani?

Mdau unayekaa Kinyerezi, Segerea au Ubungo Kibangu, wewe una sikio ambalo mimi sina. Ule mvumo unausikia saa ngapi siku hizi? Kutwa, au unaanza magharibi na kukata usiku? Andika mtaa na saa hapo chini kwenye maoni, na wale mafundi wa mitambo mnaosomaga kimyakimya bila kuchangia, mkinisahihisha kwenye zile dakika kumi za kuwasha nitashukuru.